Tatu Yenye Paa

Mimi sijui wivu ni kitu gani. Waulize majirani, watakwambia yule fundi cherehani wa nyumba ya pembeni ana moyo mweupe kama shuka la mgeni. Halafu waulize jirani wa mkono wa kulia alinunua lini pazia lake jipya. Watababaika. Mimi nitakutajia siku, saa, rangi ya uzi, na upande uliokatwa mshazari. Lakini huo si wivu, ni macho. Nimepewa mawili, nayatumia yote.

Basi wivu huo nisioujua ulinianza siku mjukuu wangu aliporudi kwangu ananukia sabuni ya watu.

Mjukuu mwenyewe tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu na mumewe walihamia mbali kufuata kazi, wakamwacha amalizie masomo hapa, na wakamgawa kama kitambaa cha jora: wiki moja kwangu, wiki moja kwa bibi yake mzaa baba, mtaa wa pili, nyumba yenye mlango wa kijani. Mimi na huyo bibi wa mlango wa kijani tunaitana "mkwe," na tukikutana tunakumbatiana vizuri kabisa, kila mmoja akikagua mgongo wa mwenzake. Miaka thelathini aliosha chupa kwenye maabara ya shule ya sekondari. Aliziosha, nasema, hakuzivumbua. Lakini alistaafu na koti lake jeupe, akalitundika nyuma ya mlango, na kila Jumamosi analipiga pasi kana kwamba kesho yake ataitwa kuokoa watu. Chiriku akampa jina la Bibi Maabara. Mimi ni Bibi Cherehani. Yatamke yote mawili kwa sauti, halafu uniambie lipi linapendeza.

Jumatatu hiyo aliingia na mkoba wa shule na boksi la viatu. Hata hakuninung'unikia njaa kama kawaida yake. Alifunua boksi, nikaona kadi zimekatwa sawasawa, zimepangwa, zimefungwa kwa mpira.

"Bibi Maabara kanitengenezea," akasema. "Ni ayoni zote za kawaida. Mwalimu wa kemia amesema nisipozimeza hizi siwezi kuandika fomula hata moja, na mtihani ni mwezi ujao."

"Ayoni ndiyo mdudu gani?"

"Atomu iliyotoa elektroni au iliyopokea, bibi. Ikitoa inakuwa chanya. Ikipokea inakuwa hasi."

"Hapo mmepotoka," nikamwambia. "Anayetoa ndiye anayepungukiwa. Mtampaje yeye alama ya kujumlisha?"

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kipya, cha puani, na nilijua kimeshonwa mtaa gani. "Kwa sababu elektroni yenyewe ni hasi. Bibi Maabara kasema ni kama mtu mnunaji. Akitoka nyumbani, nyumba inachangamka. Akiingia, nyumba nzima inanuna."

Bibi Maabara kasema. Nikaanza kuhesabu. Mpaka anamaliza chai yake, Bibi Maabara alikuwa amesema mara kumi na moja, na mimi nilikuwa nimesema "ongeza sukari" mara moja.

Halafu akaniletea lile lililoniondolea usingizi wa mchana. Mwalimu alikuwa amesema kuhamahama kuishe. Mwezi huu wa mwisho kabla ya mtihani akae nyumba moja, asome meza moja.

"Na umechagua wapi?" Niliuliza nikiwa natunga uzi kwenye sindano, ili nisimtazame. Uzi haukuingia.

"Bado, bibi. Nitasema Jumapili. Bibi Maabara atakuja hapa chai, mtakuwa wote wawili, asije mtu akasema alisikia kwa jirani."

Nikaitazama meza yangu. Nusu ni ya cherehani, nusu ni yake, na katikati kuna mkwaruzo alioukwaruza kwa mkasi akiwa na miaka sita ili kuonyesha mpaka. Mwezi mzima upande ule uwe mtupu? Na huko mlango wa kijani wawe wanachekea puani?

Kesho yake asubuhi Chiriku alikwenda shule, kadi akaziacha mezani. Sikuzigusa. Nilizifungua tu mpira. Upande mmoja wa kila kadi kuna alama na chaji yake, upande wa pili kuna jina. Ya kwanza imeandikwa Na. Na nini? Na nani? Nikageuza: sodiamu, moja chanya. Nikaendelea, Cl, kloridi, moja hasi. Mwandiko wa yule mama ni mzuri, lazima niseme, ingawa nimesema kwa shida. Ndipo nikafika kwenye Fe, nyuma yake chuma, mbele kuna mbili chanya. Ile mbili ilikuwa imekaa peke yake, na nafasi kushoto, nafasi kulia, kama mshono unaoomba kufumuliwa.

Na mimi kufumua ndiyo kazi yangu. Nilichukua wembe ninaokatia nyuzi, nikaikwangua mbili taratibu mpaka ikatoka bila kutoboa karatasi, nikaandika tatu. Chuma, tatu chanya. Mawazo yangu yalikuwa mafupi: mtoto atajibu tatu darasani, mwalimu atasema "kosa, nani kakufundisha?", na Chiriku ataona kwamba kuosha chupa si kujua kilichokuwa ndani. Kosa moja halimuui mtu, nilijiambia. Nilijisikia vibaya kwa muda wote wa birika kuchemka. Chai ilipokuwa tayari, nilikuwa nimepona.

Jioni Chiriku aliingia anaruka.

"Bibi! Bibi! Unajua Bibi Maabara ni mjanja kiasi gani?"

Nikasema kwa upole, "Kakosea nini tena, maskini?"

"Hajakosea! Asubuhi kabla sijatoka nilichungulia kadi moja moja, nikakuta chuma ni tatu. Jana nilikuwa na hakika ni mbili. Nikaenda kumuuliza mwalimu. Akasema vyote ni sahihi! Chuma kina chaji mbili na kina chaji tatu, bibi, inategemea kimetoa elektroni ngapi. Ndiyo maana unaandika chuma mbili au chuma tatu, usiseme chuma tu ukanyamaza. Darasa zima hakuna aliyejua. Mwalimu akaniambia nisimame, nikapigiwa makofi. Bibi Maabara kaibadilisha makusudi ili nishtuke nikumbuke! Yule bibi ana akili!"

Hapo wewe msomaji utasema nimechanganya, kwamba mtoto alishaondoka. Hapana. Kufumua nilifumua alfajiri, yeye akiwa bafuni, na nilisema "alikwenda shule" ili uone sikuwa na haraka. Sasa nimesema kweli, tuendelee.

Katika boksi zima la kadi ishirini na ushee, nyingi zina chaji moja isiyobadilika mpaka kiyama. Ningeshika sodiamu, ningeshinda. Ningeshika kalsiamu, ningeshinda. Mimi nikashika chuma. Nilimpandisha mwenzangu ngazi kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikasimama chini nikaishikilia.

Nilikaa na uchungu huo mpaka Jumatano asubuhi, kisha nikaamua: jambo lililoniumbua nitalijua. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusoma sijasahau. Chiriku alipotoka, kwa kweli safari hii, nilitoa daftari lake la mwaka jana chini ya kitanda, nikavaa miwani, nikaanza kumeza ayoni.

Hazikumezeka. Ziliteleza kama shanga. Nikizishika za chanya, za hasi zinatoroka. Nilitaka kuacha, mkono wangu ukapapasa kwenye kopo la vifungo, ukakutana na vile vikulabu vidogo vya nyuma ya gauni na vitanzi vyake. Nikatulia. Kulabu inatoka nje, ina kitu cha kutoa. Kitanzi kimekaa kinasubiri kupokea. Moja kwa moja, hakuna kulabu inayoingia vitanzi viwili.

Basi nikachukua vipande vya kitambaa. Sodiamu nikamshonea kulabu moja, potasiamu moja, fedha moja. Magnesiamu, kalsiamu na zinki nikawashonea mbili mbili. Alumini tatu. Upande wa pili, kloridi nikampa kitanzi kimoja, floridi na bromidi vivyo hivyo. Oksidi na salfidi viwili viwili, naitridi vitatu. Nikafunga sodiamu na kloridi, wakakaa kama mume na mke. Nikamleta kalsiamu, kulabu zake mbili zikataka kloridi wawili, nikawaongeza, pakatulia. Hakuna kulabu inayoning'inia, hakuna kitanzi kinacholia. Hiyo ndiyo fomula! Miaka yote wanaihangaikia kwenye ubao, kumbe ni mgongo wa gauni.

Na majina nikayaona yenyewe. Anayetoa anabaki na jina lake: sodiamu anaitwa ayoni ya sodiamu, basi, hajisumbui. Anayepokea ndiye anayebadilishwa mkia. Klorini anakuwa kloridi, oksijeni anakuwa oksidi, salfa anakuwa salfidi. Nilicheka peke yangu. Ni kama nyumba ya ukweni: anayeingia ndiye anayepewa jina jipya.

Sitaki kusema nilisahau wivu. Nilisahau kidogo. Kuna saa nzima ya Alhamisi ambayo sikumfikiria mwenye mlango wa kijani hata mara moja, na hiyo kwangu ni kama kufunga.

Msusi wa mtaa wa sokoni ndiye aliyenirudisha duniani. Alikuja Ijumaa mchana na gauni lake nililomaliza jana yake, kalibeba kama anayebeba ushahidi.

"Fundi, hebu tazama mgongoni. Kulabu tatu, vitanzi viwili. Hii ya tatu niifungie wapi?"

Nikatazama. Ni kweli. Nilikuwa nimemshonea alumini na oksidi.

"Ungekuwa na magauni mawili," nikasema kabla sijajizuia, "na vitanzi viwili viwili mara tatu, ingetoka sawa kabisa. Sita kwa sita."

"Magauni mawili ya nini? Mgongo ninao mmoja!"

"Basi lete nikuongezee kitanzi, usipige kelele. Watu watadhani nimekosea."

Kufikia Jumamosi nilikuwa nazo ayoni zote kichwani. Ungeniamsha katikati ya kupiga chafya nikakwambia shaba ni moja au mbili. Nikaanza kuipanga Jumapili. Chiriku atafungua mdomo atangaze anakwenda wapi, na mimi nitasema taratibu, nikipuliza chai, "Kabla hujaamua, mke mwenzangu, hebu niulize chaji yoyote." Nitazitaja zote, moja baada ya nyingine, kisha nitamwaga vitambaa vyangu mezani na kulabu zake. Yule mama atakosa pa kuweka macho. Na upande ule wa meza hautakuwa mtupu.

Jumapili ikafika. Bibi Maabara aliingia na gauni la maua nililomshonea mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, na mkoba mkubwa.

"Karibu, mkwe."

"Nimekaribia, mkwe. Nyumba yako safi."

"Ni leo tu."

Tukakumbatiana. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko ninavyopenda. Chiriku akakaa katikati yetu, akamimina chai, akakohoa kama hakimu.

"Bibi zangu, nimeamua..."

"Subiri, mwanangu," akasema Bibi Maabara. "Nina swali dogo kwanza."

Akafungua mkoba, akatoa kadi moja, akaiweka mezani juu ya ule mkwaruzo wa mpaka. Fe. Tatu chanya.

"Ijumaa mtoto alipita kwangu kutoka shule. Kanishukuru kwa kadi hii, akaniachia, akaniomba nimwandikie na ile ya chuma mbili, awe nazo zote. Nikapokea shukrani, maana mtu mzima hakatai shukrani. Alipoondoka, nikavaa miwani." Aliiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa pamekwanguliwa. Kwa wembe, na kwa mkono uliozoea. Halafu itazame hii tatu. Mstari juu umenyooka, kona, kisha tumbo. Ina paa."

Tatu yangu ina paa. Nimeiandika hivyo miaka arobaini kwenye daftari la vipimo ili isifanane na nane, mtu asije akashonewa kiuno cha mwenzake.

Akazamisha mkono tena kwenye mkoba, akatoa kile kikaratasi cha vipimo ninachompa kila mteja. Miaka miwili alikuwa amekitunza! Mabega kumi na tatu. Kifua thelathini na nane. Urefu arobaini na tatu. Tatu tatu, zote zimeezekwa.

"Wenye kuezeka tatu ni wengi," nikasema. "Mwenye duka la dawa naye anaiezeka. Kamuulize."

"Bibi?" Chiriku aliniita kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa na miaka sita. "Ni wewe? Ulitaka nikosee?"

Jamani, swali lile. Angeniuliza kitu kingine chochote, ningejibu kweli. Nikamshika mkono.

"Mjukuu wangu, nitazame vizuri. Darasa la saba, na mwaka wenyewe nilikaa karibu na dirisha nikihesabu ndege. Kemia nilikutana nayo wapi mimi? Aliyeandika tatu hii alijua kwamba chuma kina mbili na kina tatu. Ni msomi huyo. Ningekuwa mimi ningeandika saba, ningeandika tisa! Hata hiyo Fe yenyewe siijui. Mimi nilidhani ni fenicha."

Ulikuwa uongo mzuri, umekaa mwilini, hauna mkunjo. Lakini ulinikata maini. Siku nne nimezimeza ayoni zote kwa ajili ya Jumapili ile, na sasa ilinibidi nizifiche mbele ya mtu yule yule niliyetaka azione. Vitambaa vyangu vilikuwa kwenye kopo la vifungo, hatua mbili kutoka nilipokaa, vimefungwa kulabu kwa kitanzi.

Chiriku akashusha pumzi. Uso wake ukaanza kurudi rangi. Bibi Maabara akanitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa.

"Basi nisamehe, mkwe. Nimekukosea. Uzee huu unanionyesha mambo."

"Yamekwisha, mkwe. Kunywa chai."

Akanywa. Halafu akatoa kalamu na kadi tupu.

"Chiriku, kabla hujatangaza, nikumalizie kadi zako. Kuna tatu zimechanika, naziandika upya. Fedha." Akaandika, akasema polepole kwa sauti, "Fedha, mbili chanya."

Chiriku alifungua mdomo. Meza ikatikisika kidogo kwa chini, kama mguu umekanyaga mguu, naye akafunga mdomo. Niliona, lakini sikutilia maanani. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Fedha, mbili? Fedha ana kulabu moja! Nimeishona mwenyewe!

"Kalsiamu," akaendelea yule mama, "moja chanya."

Chai ilinipalia. Nikakohoa.

"Pole, mkwe. Kuna kitu?"

"Hamna. Sukari tu."

"Haya. Ya mwisho." Akachora herufi zake nzuri bila haraka hata kidogo. "Zinki. Zinki ni... tatu chanya."

Mjukuu wangu angeibeba kadi ile mpaka kwenye chumba cha mtihani.

"Mbili!" Kikombe kilikwenda chini, sijui kilivunjika ama la. "Zinki ni mbili! Mbili tu, haijapata kuwa tatu tangu dunia iumbwe! Fedha moja, kalsiamu mbili, na humo kwenye boksi lako wenye chaji mbili mbili za kuchagua ni chuma na shaba peke yao, unamfundisha mtoto wa watu nini we..."

Hata cherehani ilionekana inanitazama.

Bibi Maabara akafunika kalamu yake, akakunja mikono juu ya mkoba. Chiriku akaichukua ile kadi ya chuma, akaiangalia tatu yenye paa, akaniangalia mimi, akaiangalia tena.

"Fenicha, bibi?"